Nchi ya Kupitia

Masista walipotuma tiketi mbili za ndege, mji wa Katoro ulipata habari kabla Mzee Donatus Lubinza hajamaliza kuzisoma. Mwenyewe ndiye aliyetangaza. Alitoka nyumbani na simu mkononi, akaenda kwenye karasha lake ambako vijana walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu, akazima mashine ili asikike vizuri, akasema kwamba binti yake, Sista Monika, anaweka nadhiri za daima huko Brazili alikotumwa na shirika lake, na kwamba baba na mama wameitwa kwenda kumkabidhi mbele ya altare. Vijana wakapiga makofi mpaka vumbi likawatoka mikononi. Mmoja akauliza kama mzee atawaona wachezaji wa mpira. Mzee Donatus akamjibu kuwa anakwenda kwenye ibada, ila wakikutana nao hatawakimbia.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni, alipofika kijiweni kwa Enock. Enock alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na miaka kadhaa nyuma aliwahi kwenda Dubai akakaa siku chache. Tangu arudi, hakuna mazungumzo yaliyokwisha bila kupitia Dubai. Ukimwambia barabara ina mashimo, atakueleza barabara za Dubai. Ukimwambia mtoto anaumwa, atakueleza hospitali aliyoiona Dubai kwa nje. Aliisikiliza habari ya Brazili kwa utulivu, kisha akauliza swali moja tu.

"Mnapita wapi?"

"Addis Ababa."

"Addis," Enock alirudia, kama mtu aliyeonjeshwa mboga isiyo na chumvi. "Ni safari nzuri. Mtatoka Afrika, mtapita Afrika, mtafika Brazili. Ulaya hamtaiona."

Waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Addis, lakini wote kwa pamoja waliona ni mahali padogo. Mzee Donatus akaaga mapema kuliko kawaida yake. Njiani hakuwaza tena nadhiri. Aliwaza atakavyoulizwa akirudi kwamba ameona nini, na jibu lake liwe Addis.

*

Kesho yake alikwenda kwa Herman. Ofisi ya Herman ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Ushirombo. Hapo mtu alitoa fotokopi, akapiga picha za pasipoti, akasajili laini ya simu, na kama ana bahati kubwa, akakata tiketi ya ndege. Ukutani kulikuwa na picha ya ndege iliyopauka kwa jua mpaka ikawa kama inapita kwenye maziwa.

Mzee Donatus alieleza shida yake kwa kuzunguka. Alisema kifua chake hakipatani na hewa ya milimani. Alisema amesikia ndege za upande ule zinajaa sana. Herman, ambaye alizaliwa Katoro na kumjua kila mtu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anataka kupita Ulaya. Mzee akasema, kama ikibidi.

Herman akabofya kompyuta yake, akapata. Ndege ingemtoa Dar es Salaam ikampeleka kwenye nchi moja ya Ulaya, angekaa pale uwanjani kuanzia asubuhi mpaka alasiri, halafu ndege nyingine ingemvusha bahari. Tiketi ya masista ingefutwa, kiti kingerudishwa, na nyongeza angelipa mwenyewe. Nyongeza ilikuwa ya kutisha, lakini karasha lilikuwa limesaga vizuri mwezi ule.

"Na viza?" Mzee Donatus aliuliza.

"Ya Brazili si unayo?"

"Ninayo."

"Basi umemaliza. Viza ni ya kuingia, mzee wangu. Wewe Ulaya huingii, unapita. Mtu akipita uani kwako kwenda kwa jirani, unamdai kodi?"

Mzee Donatus alicheka, akatoa fedha. Ndivyo alivyopenda mambo yaelezwe.

Nyumbani alimkuta mkewe, Anisia, anachambua maharage. Akamweleza kwamba Herman anaweza kuibadilisha na tiketi yake Anisia, wapite Ulaya wote wawili kama watu. Anisia aliendelea kuchambua. Alisema masista wamenunua tiketi zile kwa sadaka za watu wasiowajua, na yeye angepanda ya masista. Tena Addis aliiogopa, Ulaya aliiogopa, na kama ni kuogopa, heri aogope njia ambayo masista wanaijua. Mumewe akamwambia kuwa woga wa namna hiyo ndio unaochelewesha wanawake. Anisia akamwitikia "haya," kama alivyozoea kumwitikia kwa mambo aliyokwisha kuyakataa.

*

Sherehe ya kuwaaga ilifanyika baada ya misa ya Jumapili. Mzee Donatus alivaa koti zito la baridi alilolifuata Mwanza, la manyoya shingoni, akakaa nalo kwenye jua la Katoro mpaka jasho likamtiririka. Walipomshauri alivue alisema anauzoesha mwili.

Hotuba yake ilikuwa ndefu. Brazili ilipata sentensi moja, nadhiri zikapata mbili, sehemu iliyobaki ikawa ya Ulaya. Alieleza jinsi atakavyopita, jinsi atakavyotazama, na jinsi macho ya mtu mzima yanavyoona mengi kwa muda mfupi. Watu wakatoa maagizo. Katekista alimwomba aangalie, hata kupitia dirishani, kama ni kweli makanisa ya huko yamebaki matupu. Mama mmoja alitaka ajue bei ya vitunguu. Enock alimtaka apige picha akiwa na bendera ya nchi ile nyuma yake, akasema hivyo kwa sauti, ili kila mtu ajue kwamba picha itadaiwa.

Anisia alipopewa nafasi alisimama, akawashukuru wote, akaomba wawaombee, akaketi. Watu walimpigia makofi kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

*

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam waliingia pamoja, wakatengana kwenye foleni. Anisia alikwenda upande wa ndege ya Addis, akiwa ameshika pasipoti kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo. Mzee Donatus alikwenda upande wa ndege ya Ulaya, akiwa ndani ya koti lake.

Kwenye kaunta kulikuwa na msichana ambaye kitambulisho chake kilisema anaitwa Mwamvua. Alimpa shikamoo, akapokea pasipoti, akaandika kwenye kompyuta. Akaandika tena. Akafungua kurasa za pasipoti moja moja mpaka mwisho, kisha akaanza upya kutoka mwanzo.

"Mzee, viza yako ya kupitia iko wapi?"

"Ya kupitia wapi?"

"Hapa katikati, unapobadilisha ndege."

"Mimi hapo sishuki, binti."

"Utashuka kwenye ndege, mzee."

"Nitashuka kwenye ndege. Sitashuka kwenye nchi."

Ilionekana Mwamvua hakuwahi kulipata jibu hilo. Kisha akamweleza taratibu kwamba uwanja wenyewe uko ndani ya nchi, na wenye nchi wameweka sharti kwamba watu wa pasipoti kama yake, hata wakitaka kukaa tu kwenye viti vya uwanjani kungoja ndege nyingine, waombe kwanza ruhusa.

"Tuombe viti?"

"Muombe viza, mzee. Ya kukaa kwenye viti."

"Basi niandikie kwamba nitasimama."

Mwamvua aliuma midomo asicheke, akaita mkubwa wake. Mkubwa alikuja, akasema maneno yale yale kwa sauti nzito zaidi. Ruhusa ile iliombwa ubalozini, kwa alama za vidole, karatasi za benki na kungoja, na haikuwezekana kuombwa ndege ikiwa imekwisha kuwasha taa. Wakati wanazungumza, kijana wa Kizungu mwenye ndala na kaptula alifika kaunta ya pili, akaonyesha kijitabu chake, akapewa karatasi yake, akaondoka akila ndizi. Mzee Donatus alimsindikiza kwa macho. Kijana yule hakuwa amejiandaa kwa baridi hata kidogo.

Alimpigia Herman. Herman alipokea kwa uchangamfu, akasikiliza, akakohoa, akasema huenda mfumo umebadilika asubuhi hiyo. Kisha mtandao ukamsumbua Herman, na kila alipopigiwa tena uliendelea kumsumbua.

Ikabaki ndege ya Addis. Mzee Donatus alikimbia mpaka upande ule, koti likimpiga magotini, akaomba arudishiwe kiti chake cha kwanza. Wakamtafutia kwa moyo mmoja. Kiti kilikuwa kimeuzwa zamani, ndege imejaa mpaka mlangoni, na nafasi iliyofuata ingemfikisha Brazili nadhiri zimekwisha kuwekwa na vyombo vimekwisha kuoshwa. Aliambiwa pole. Siku ile aliambiwa pole na watu wengi, wote wamevaa vizuri.

Anisia alimkuta amesimama katikati ya ukumbi. Mkononi Anisia alikuwa na kadi ya kupandia ndege. Mumewe akamweleza kwa maneno machache, sauti imepungua, na alipofika mwisho akasema jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko mengine yote.

"Basi turudi wote."

Anisia alimtazama. "Na Monika?"

"Tutampigia simu."

"Atakabidhiwa kwa simu, Baba Monika?"

Anisia aliifunga upya kanga yake kiunoni, akasema ndege haimngoji mtu, na yeye amekwisha kuitwa. Hakusema kwa ukali. Mzee Donatus alichukua mkoba wa mkewe akambebea mpaka pale wasiosafiri wanapoishia. Alitaka kumwagiza jambo, maana miaka yote ndoa yao ilikwenda kwa yeye kuagiza, lakini lile alilolijua kuhusu safari za ndege lilikuwa limekwisha kwenye kaunta ya Mwamvua. Anisia alipita kwa askari bila kugeuka. Aliogopa kumpoteza mama mmoja wa Kihabeshi aliyeahidi kumwonyesha njia.

*

Katoro hakurudi. Alikwenda Masumbwe, mji wa jirani, kwa dada yake Sesilia, akasema anapumzika. Sesilia alimwandalia chumba cha uani, hakumuuliza kitu, jambo lililomfanya Mzee Donatus ajisikie kama mgonjwa.

Simu za Katoro zilianza mapema. Kwa kuwa hakuwa na jibu jingine, alijibu lile walilolitaka. Mwenyekiti wa jumuiya aliuliza kama kuna baridi, akaambiwa ipo, na asubuhi zile za Julai hapo Masumbwe kweli ilikuwepo. Katekista aliuliza kuhusu makanisa. Mzee Donatus akasema aliyoyaona yana watu wachache, na ilikuwa Jumanne. Enock alipopiga, alistaajabia jinsi simu inavyopatikana vizuri kwa namba ile ile ya nyumbani.

"Wenzetu wana minara," Mzee Donatus alimwambia.

Wakati huo gari la matangazo lilipita nyuma ya nyumba likinadi dawa ya panya, mende na kunguni. Enock akatega sikio.

"Hiyo ni nini?"

"Redio."

"Inaongea Kiswahili?"

"Wana idhaa," Mzee Donatus alisema, akakata simu, akafunga dirisha.

Simu moja tu hakuipokea. Ilikuwa ya Monika. Iliita asubuhi, ikaita mchana, ikaita tena. Kila mara aliiweka kifudifudi kwenye godoro na kungoja iishiwe nguvu. Kumdanganya Enock aliweza, hata padri aliweza kumdanganya. Lakini sauti ya Monika alijua ingeuliza jambo moja, na hilo hakuwa na uongo wake.

Ijumaa Sesilia aliingia na simu yake akamwonyesha tangazo. Parokia ya Katoro ingeonyesha nadhiri za Sista Monika mubashara, kesho alasiri, ukumbini, kwenye kitambaa kikubwa. Walikuwa wameweka picha ya Mzee Donatus akiwa ndani ya koti, na chini yake wameandika kwamba waamini wote waje wamshuhudie baba mzazi akimkabidhi bintiye. Wali na nyama vingekuwepo.

Mzee Donatus alilisoma tangazo mara nyingi. Kisha akasema labda umeme utakatika.

"Wamekodi jenereta," Sesilia alisema. Akaketi kwenye ncha ya kitanda. "Kaka, kesho watatazama wataona hupo huko. Afadhali wakuone upo ukumbini."

*

Aliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, watu wamekwisha kujaa, lakini mlango ule ulikuwa na kelele. Vichwa viligeuka kimoja kimoja, kisha vyote. Watu wakatazama kitambaa, wakatazama mlango, wakatazama tena kitambaa. Enock alikuwa wa kwanza kupata sauti, akamuuliza amerudi lini.

"Sijaenda," Mzee Donatus alisema. "Wamenizuia."

Akawaeleza. Mwanzoni alieleza kwa aibu, lakini alipofika kwenye habari ya viti aliona nyuso zinakunjika, zinakunjika kwa ajili yake, akapata nguvu. Kumbe hakuwa ameaibika, alikuwa ameonewa. Akaeleza habari ya kijana wa ndala na ndizi yake. Ukumbi ukanguruma. Katekista alisema hao ndio tuliowapokea hapa bila kuwauliza viza. Diwani, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya wali, alisimama akaahidi kulifikisha suala hilo panapohusika, bila kusema ni wapi. Enock mwenyewe alimletea kiti cha mbele, akamfuta vumbi begani, akasema Dubai hawana ujinga kama huo. Mzee Donatus akaketi kati ya wakubwa. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kuhusu redio.

Ndipo kitambaa kikapata picha. Kanisa la huko lilikuwa dogo, lina rangi ya samawati, na watu wake walikuwa wa kila aina. Monika alitokea mlangoni amevaa nyeupe. Kando yake alikuwa Anisia, kitenge kimepigwa pasi, ameshika mshumaa mkubwa uliokuwa ushikwe na mwingine. Walitembea polepole. Ilionekana Anisia anahesabu hatua asije akajikwaa. Walipofika mbele alimshika mwanawe mkono, akauweka ndani ya mkono wa Mama Mkuu, akarudi nyuma hatua moja, akasimama peke yake. Mzee Donatus aliona mahali palipoachwa wazi ubavuni kwa mkewe. Mtu mmoja angetosha hapo.

Ukumbi ulilia, na yeye alilia, na watu wakampigapiga mgongoni wakiilaani Ulaya.

Baada ya ibada, Padri Ezekiel aliunganisha simu ya Brazili na spika za ukumbi, ili parokia nzima imsalimie sista. Watu walipiga vigelegele. Padri akatangaza kwamba na baba yupo hapa, akamsogezea kipaza sauti.

"Mhola, baba?" sauti ya Monika ilijaza ukumbi, ikimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola, ng'wanone," alimwitikia mwanawe.

"Nimekupigia sana."

"Najua."

"Mama ananiambia ulirudishwa kwa sababu ya viza ya kupitia. Ila mama amepita bila viza." Aliuliza bila hasira, kama mtoto anayeuliza njia. "Baba, ile tiketi tuliyokutumia ilikuwa na kasoro gani?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Kwenye benchi la tatu, Herman alitoa simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni, akatoka nje akiongea. Mzee Donatus alimwona akitoka. Angeweza kumtupia mzigo wote, na watu wangemkimbilia mlangoni. Angeweza kutaja kifua na hewa ya milimani. Enock alikuwa amekaa karibu yake, amepindisha shingo, anangoja.

"Haikuwa na kasoro," alisema. "Niliibadilisha mimi. Nilitaka nipite Ulaya."

"Ukafanye nini?"

Mzee Donatus alifikiri. Alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa.

"Nikapite tu," alisema.

Nyuma ya ukumbi mtu alicheka, mwingine akafuata, kisha wakanyamaza wote kwa sababu mzee hakuwa ameketi. Enock alitazama viatu vyake. Diwani alichungulia upande wa masufuria. Kutoka Brazili zilisikika sauti mbili zikinong'ona, ya mama na ya binti, halafu Monika akasema kwamba kuna sehemu ya baba waliyoiruka. Walikuwa wamemwambia Mama Mkuu isubiri. Sehemu ya baraka.

Mzee Donatus akainua mkono wa kuume. Akaanza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayesema na mtoto wake chumbani, kwa Kisukuma.

"Baba, hatukusikii," Monika alisema. "Mtandao unakata."

Akaanza tena, juu kidogo. Hawakusikia. Padri akampa ishara apaze zaidi. Basi akasimama wima, akafumba macho, akambariki binti yake kwa kupiga kelele, neno baada ya neno, kama anavyowaita vijana karasha likiwa linaunguruma. Akamwombea afya, akamwombea uvumilivu, akaomba yeye mwenyewe asamehewe. Spika zilizokuwa nje zilichukua yote zikayapeleka sokoni. Wapiga debe wakanyamaza. Mwenye bodaboda akazima pikipiki.

Alipomaliza, ndani hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kujibu. Amina ya kwanza ilitoka nje, kwa mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa anapita na beseni kichwani.

"Sasa nimesikia," Monika alisema.